Hasira Iliyoitwa Kichekesho

Letisia hakuwapenda watu wa filamu, na wao walimpenda kupita kiasi. Ugomvi wote ulitokana na hapo.

Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania. Alikulia huko, akaolewa huko na Yakobo, na kambi ilipofungwa wakarudi Burundi na binti yao Upendo mgongoni. Walipata kiwanja Buhinyuza, kule Muyinga karibu na mpaka. Wenyeji waliwatazama kwa jicho la pembeni. Kirundi cha Letisia kilikuwa na lafudhi ya ugenini, na akikasirika kilimtoka kabisa, akabaki na Kiswahili chake cha kambini, kilichojaa "nyie" na "jamani". Sokoni walikuwa wakimwiga. Alizoea kununua chumvi akiwa amenuna.

Walikuwa ndiyo kwanza wanajiandaa kupanda msimu wao wa kwanza, Leonardi alipofika kutoka Gitega na kundi lake la wachekeshaji. Walifikia kwa shemeji yake, wakawa wanazunguka na kamera wakitengeneza filamu waliyoiita *Mvivu wa Kilimani*. Siku moja waliiona nyumba ya Letisia. Yeye alikuwa shambani analima, Yakobo alikuwa kwenye kibarua cha matofali, mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba tu. Wakaingia. Ndani wakakuta giza, na kamera haipendi giza, basi wakapanda juu wakaondoa vigae vya nusu ya paa ili jua liingie. Jirani alipouliza, wakamjibu kwamba jioni watavirudisha.

Mvua haikusubiri jioni. Ilipoanza, waliokoa kamera wakakimbilia kwa jirani, wakaliacha paa wazi. Chini ya tundu lile Letisia alikuwa ametandaza mkekani maharage ya mbegu, yote aliyokuwa nayo.

Alirudi amelowa, jembe begani, akakuta mbegu zinaelea kwenye tope. Hakuuliza mtu. Aliikunja khanga yake, akajaza maharage, akatoka nayo hadi pale walipojibanza, akaanza kumrushia Leonardi usoni, konzi kwa konzi, huku akilia mpaka kamasi zinamtiririka.

"Mbegu zangu zimewakosea nini, watu nyie? Ziliwatukana? Ziliwatukana, watu nyie?"

Leonardi hakujifuta uso. Aliinua mkono mmoja juu, kimya. Letisia akadhani anaomba radhi. Baadaye sana ndipo alipoelewa kwamba mkono ule ulikuwa ukimwambia mpiga picha aendelee.

Ile filamu ilipotoka, Letisia alikuwa mke wa mvivu. Waliikata na kuiunga hivi kwamba yeye anatupa maharage na mvivu ndiye anayeyapokea usoni huku akiyadaka kwa ulimi. Nchi nzima ikaangua kicheko. Watu walikariri maneno yake, wakayasema harusini, wakayasema kwenye mpira. Gitega palikuwa na kijana aliyejifunga khanga na kumwiga jukwaani. Buhinyuza watoto walimfuata njiani wakipiga kelele, "Watu nyie! Watu nyie!" naye akiwafukuza walifurahi zaidi, maana ndivyo alivyofanya kwenye filamu.

Kilichomuuma kuliko yote ni Yakobo. Aliiona filamu hiyo Muyinga mjini, kwenye kibanda cha video cha Shafii, akarudi nyumbani machozi ya kicheko hayajakauka.

"Mama Upendo, ungejiona!" alisema. "Shafii amenipa soda ya bure, kwa kuwa mi ni mume wako."

"Wewe ulikula nini msimu ule, baba Upendo?" Letisia aliuliza.

Yakobo akayafuta yale machozi. Lakini kila filamu ilipoonyeshwa alikwenda, na kila alipokwenda alicheka.

Miaka ikapita, Upendo akakua akaolewa, na filamu ikageuka kuwa kitu cha kuheshimiwa. Ndipo alipokuja Melania, binti wa Gitega mwenye miwani na kamera ndogo, akitengeneza filamu nyingine inayoeleza jinsi ile ya kwanza ilivyotengenezwa. Letisia alimkuta amesimama uani na Yakobo, wanacheka.

"Mama, karibu!" Melania alisema, kana kwamba uwanja ni wake. "Franchement, kweli kabisa, nimefurahi sana kukuona. Filamu hii iko mali ya inchi yetu. Mi nataka tu useme maneno yako ile ya maharage, hapa hapa, mbele ya nyumba."

"Sisemi."

"Kidogo tu, mama."

"Binti, umekuja nyumbani kwangu hujaulizia hata habari za asubuhi, unataka nilie ili watu wako wacheke. Toka."

Melania alirudi nyuma hatua chache. Hakuzima kamera. Letisia alipoiona taa nyekundu bado inawaka, alichukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo akammwagia miguuni. Yule binti akaondoka na viatu vinachuruzika, na Yakobo akamsindikiza mpaka barabarani akimwomba radhi.

Hata hivyo mwaliko ulikuja. Filamu ya Melania ingeonyeshwa Gitega, kwenye ukumbi mkubwa, na usafiri ulikuwa juu ya waandaaji. Yakobo alikwishanunua shati. Letisia alisema haendi, kisha siku yenyewe akavaa vitenge vyake vya kanisani akapanda gari bila kueleza sababu. Alitaka kumsikia Leonardi kwa masikio yake mwenyewe. Katika miaka yote ile mtu huyo hakuwahi kurudi Buhinyuza.

Ukumbi ulijaa. Waliwakalisha mstari wa mbele, na Leonardi, mvi kichwa kizima, akaja na mikono wazi amkumbatie. Letisia akampiga kofi mkononi. Watu wakapiga makofi na vigelegele.

Taa zikazimwa. Leonardi akatokea kwenye kitambaa cha kuonyeshea filamu, amekaa kwenye kiti cha kifahari, anasimulia.

"Bon, yule mama tulikuwa tumepanga naye," alisema. "Mi nilimwambia, mama, we kasirika tu, sie tunapiga picha. Alikuwa anajua kila kitu. Ule mama iko msanii wa kuzaliwa."

Letisia alisimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Mwongo! Mwongo wewe! Ulinipanga lini? Uliniuliza lini, mtu wewe? Umeniharibia mbegu, umenifanya kinyago, sasa unanifanya mwongo mwenzako!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walijipigapiga mapaja, wengine walisimama juu ya viti ili wamwone vizuri. "Ni yeye! Bado iko vile vile!" mtu mmoja alipaza sauti. Kutoka nyuma wakaanza kuitikia kwa pamoja, "Watu nyie! Watu nyie!" Leonardi mwenyewe alikuwa anacheka, anafuta macho kwa leso. Kadiri Letisia alivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kufurahi, mpaka akaelewa kwamba hana namna: sauti yake ya hasira haikuwa yake tena, walikwishaichukua. Akafunga mdomo. Akageuka kumtazama mumewe, na meno ya Yakobo yalikuwa nje.

Akatoka.

Alikaa kwenye ngazi za nje, juani. Humo ndani kicheko kiliendelea kwa muda, kisha kikapungua, kisha ikasikika sauti kwenye kipaza sauti, sauti ya mtu asiyejua kukishika, inayokwaruza. Ilikuwa sauti ya Yakobo.

"Mi ni mume wake," alikuwa anasema. "Nimecheka na nyie muda mrefu. Lakini hayakupangwa. Sisi tulikuwa tumetoka kambini juzi tu, mbegu zile ndizo zilikuwa zote. Msimu ule hatukuvuna maharage. Tulikula majani ya viazi. Mtoto wetu Upendo alivimba miguu na uso, nywele zikawa nyekundu, tukambeba mpaka kituo cha afya, na mama yake akabaki naye huko akiwafulia wagonjwa wengine ili wamgawie uji. Basi. Hayo ndiyo mnayoyacheka."

Hakuna aliyecheka. Kiti kilikwaruza sakafu, mtu akakohoa. Leonardi alisikika akisema, "Sasa we mzee, hii ilikuwa ni sherehe," na hakuna aliyemuunga mkono.

Yakobo alipotoka, jasho lilikuwa limelowesha shati jipya. Akasimama mbele ya mkewe kama anayesubiri neno. Alilipata.

"Kumbe mdomo ulikuwa nao," Letisia alisema. "Miaka yote hii ulikuwa nao."

Kwenye gari la kurudi Letisia alikaa kiti cha mbele na dereva, na Yakobo nyuma. Mpaka Muyinga hawakugeukiana.

Leonardi hakuja kuomba msamaha. Alisema redioni kwamba wakulima wengine hawana shukrani, kwamba yeye ndiye aliyemtoa yule mama gizani. Watu wengine walimuunga mkono. Wengine waliacha kuyatumia yale maneno harusini, ingawa si wote, na vijana wa sokoni hawakuacha.

Melania alirudi Buhinyuza mwisho wa kiangazi. Safari hii alisimama nje ya uzio akabisha hodi, akauliza habari za nyumbani, za shamba, za Upendo na watoto wake. Letisia alimwacha asimame pale muda mrefu kabla ya kumletea kiti.

"Nimeikata ile maneno ya mzee," Melania alisema. "Donc, mahali yake iko wazi. Kama unataka kusema, sema. Kama hutaki, nitaiacha wazi hivyo hivyo."

Yakobo alikuja mbio na benchi, akaiweka kando ya mkewe, akaketi, akajifunga vifungo vya shati.

"Wewe kaa kule," Letisia alimwambia, akimwonyesha jikoni. Yakobo akabeba benchi yake akaenda.

Letisia alisimulia kwa sauti ya chini, bila kulia, tangu kambini hadi kituo cha afya, na kila Melania alipotaka kumsaidia neno alimnyamazisha kwa kidole. Alipomaliza, yule binti aliuliza kwa woga:

"Na mzee Leonardi, mama, umemsamehe?"

"Hapana."

"Niiache hiyo ndani ya filamu?"

"Iache. Na wewe pia sijakusamehe. Hiyo nayo iache."