Fufu Ndani ya Bomba

Vénantie hakuwa mwoga wa vitu vya kawaida. Alikulia Bukavu, upande wa Kongo, akarudi Rwanda na wazazi wake, akauza dagaa wa sambaza mpakani miaka mingi kabla ya kuwa mpishi, na hakuna askari aliyewahi kumtetemesha. Lakini mashine iliyofungwa chini ya sinki la mwajiri wake, Maman Sandrine, huko Cyangugu, ilimnyima raha. Maman aliileta kutoka Ubelgiji aliporejea. Ukibonyeza swichi ukutani, jirani kabisa na ile ya taa, kitu kinanguruma ndani ya tundu la sinki na kusaga mabaki ya chakula.

Maman alimweleza vizuri. Maji baridi yafunguliwe kwanza, na yaendelee kutiririka hata baada ya kusaga. Mabaki yaingie kidogokidogo. Maganda, nyuzi za majani ya sombe, mafuta na ugali wa fufu viende kwenye ndoo ya mbolea, kwani fosi, shimo la maji machafu la uani, ni ndogo, na ikiziba, uchafu wa choo utarudi ndani ya nyumba.

"Ukiiharibisha, tutaachana," alimalizia huku akicheka.

Kicheko hicho Vénantie hakukisikia hata kidogo. Mpishi aliyemtangulia alifukuzwa kwa kuharibu friji, na nyumbani kwake kulikuwa na mume mgonjwa na watoto waliokula kwa kazi hii.

Basi akawa anaitumia kama mtu anayelisha mbwa mkali: anatupa, anabonyeza, anazima upesi, anafunga maji, anajitenga. Ndoo ya mbolea ilikuwa mbali, na kwa haraka hiyo hata nyuzi za sombe zilipita humo. Chakula kilibaki nusu kimesagwa, kikalala bombani.

Siku wageni walipotarajiwa kuja kumposa Sandrine, binti wa Maman, aliosha beseni la unga wa muhogo kama mama zetu wote walivyotufundisha, kwa maji yaliyochemka. Unga ukashuka na maji hayo, ukakutana na mafuta ya sambaza, ukaiva humohumo. Mwanamke mzima alipika fufu mahali ambapo mwiko haufiki.

Maji yakaanza kupanda sinkini, meupe, yakinuka. Alibonyeza swichi, mashine ikaguna bila kuzunguka. Akazima. Aliwaza choo kikifurika mbele ya wakwe, akajiona yuko barabarani na kifurushi chake. Soda kali ya kuzibulia mabomba ilikuwepo rafuni, lakini Maman alishamkataza, akisema kwamba inaua vijidudu vinavyoozesha uchafu wa fosi. Maman mwenyewe alikuwa sebuleni, nyuma tu ya ukuta. Kumwita lilikuwa jambo la neno moja, na neno hilo lilimshinda.

Akakunja mkono wa blauzi. Kuchomoa waya wa mashine hakukumbuka. Aliingiza mkono hadi karibu na kiwiko, akapapasa, akapata fundo la nyuzi za sombe lililojiviringisha kwenye vyuma. Akavuta mpaka likaachia, na vyuma vikazunguka kidogo chini ya vidole vyake, huru kabisa.

Wingu la mvua lilikuwa limefunika ziwa na jikoni kukawa giza. Maman Sandrine akaingia, akapeleka mkono ukutani kutafuta taa.

Kidole cha Maman kilikuwa kikipapasa swichi ya mashine.

"Maman, usiguse hapo. Mukono yangu iko ndani."

Mkono wa Maman ukaganda. Alitazama swichi aliyokuwa ameishika, kisha akatazama sinki. Akakaa sakafuni na mushanana wake, lile vazi la sherehe. Vénantie akatoa mkono, mzima, ukichuruzika maji machafu.

"Nilikuwa pale tu mu salon," Maman alisema polepole. "Juu ya nini haukuniita?"

"Niliogopa, Maman."

"Uliogopa miye kuliko hii mashini?"

Vénantie alitamani kudanganya, lakini alikuwa bado anatetemeka, na uongo unahitaji utulivu.

"Ndiyo, Maman."

Nje, wakwe walibisha hodi, wakabisha tena, na Maman Sandrine hakuinuka.