Darasa Lililosema Ndiyo

Siku hizi pale palipokuwa na duka la intaneti la shangazi panauzwa viatu. Nikipita natamani kuingia niwaulize zile kompyuta zilikwenda wapi, ila najua watadhani nimerukwa na akili. Kilikuwa chumba kimoja tu: mashine ya kutoa nakala mlangoni, feni iliyolalamika mchana kutwa, na kompyuta zenye migongo minene zimepangwa ukutani. Nikitoka shule nilifagia na kupanga karatasi. Napakumbuka mpaka harufu ya wino.

Mteja wetu mwaminifu alikuwa mwalimu wangu wa hesabu. Hakuwa mwalimu kamili bado. Chuo cha ualimu kilimleta kwetu muhula mmoja kwa mazoezi ya kufundisha. Tulimbatiza Kikohozi, maana hakuanza sentensi bila kukohoa, na wala hakuwa na mafua. Woga tu, maskini. Mrefu, shati limechomekewa vizuri, chaki hadi kwenye nyusi.

Chuo kiliwataka walimu wake wote wa mazoezi waandike blogu: umefundisha nini, kimekwendaje, wewe mwenyewe umejifunza nini. Mkufunzi wao na wenzao walisoma na kuacha maoni. Wengi walijisifu tu, somo limefana, watoto wamefurahi. Kikohozi hakujua kudanganya hata kwa maandishi.

Nilijuaje? Siku moja aliondoka mbiombio akaacha ukurasa wake wazi.

"Shangazi, Mwalimu kasahau kufunga."

"Si ufunge," akasema shangazi, kisha akasogeza miwani. "Hebu ngoja. Kaandika nini?"

Kwa umbea, shangazi yangu hakuwa na mpinzani. Tukasoma pamoja.

"Leo nimefundisha kugawanya sehemu. Nikauliza, mmeelewa? Wote wakasema ndiyo. Hakuna aliyeelewa, nimeona machoni mwao. Kila siku ndiyo. Nitamsaidiaje aliyepotea kama hasemi? Ijumaa mkufunzi anakuja kunikagua. Akiondoka, nitaondoka naye. Kazi hii si yangu."

Nilisikia uchungu. Mwalimu yeyote akituuliza "mmeelewa?" tuliitikia "ndiyooo!" kwa pamoja, hata kama hatujui mbele wala nyuma. Ndiyo adabu tuliyofundishwa. Kumbe adabu yetu inamfukuza mtu! Na mimi nilimpenda Kikohozi. Ndiye mwalimu pekee aliyetuomba radhi akikosea ubaoni.

Nikafunga akaunti yake, nikaufungua ukurasa upya kama mtu baki, nikaandika kwenye maoni: "Mwalimu, hatujaelewa. Tunasema ndiyo kwa heshima. Usiondoke." Sikuweka jina.

"We mtoto!" shangazi akanong'ona. Lakini hakunizuia.

Ijumaa mkufunzi akakaa nyuma ya darasa, kalamu mkononi. Kikohozi akakohoa, akaandika ubaoni: nusu gawanya kwa robo. Geuza ya pili, zidisha, jibu mbili.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Akatutazama mmoja mmoja. Akauliza tena, taratibu, "Kweli?"

Kiranja akanikanyaga mguu chini ya dawati, maana aliniona nanyanyua mkono.

"Hapana, Mwalimu," nikasema.

Nilidhani nimemmaliza mbele ya mkubwa wake. Yeye akachukua karatasi mezani, akaikunja katikati, akaikunja tena, akaikunjua mara moja na kuinyanyua juu.

"Hii ni nusu. Haya, robo ngapi zimo humu ndani?"

"Mbili!" Kisha darasa zima likapiga kelele ya "aaah!" ambayo hakuna aliyetuamrisha kuipiga. Baada ya hapo mikono ilinyanyuka mingi, kila mtu na swali lake, hata kiranja. Kengele ikalia somo halijafika mwisho. Mkufunzi aliandika, akaandika, asicheke hata kidogo, halafu akatoka. Kikohozi akamfuata.

Mwishoni mwa juma sikuwa na raha. Nilifagia mahali palepale mpaka shangazi akaninyang'anya fagio.

"Njoo, mtu wako kaandika."

Nikasogea kwenye kompyuta. Blogu ile ipo hadi leo, na juzi nimeisoma tena kwenye simu, nikalia kama nilivyolia siku ile, shangazi naye akijidai vumbi limemwingia machoni.

"Alama zangu si nzuri. Mkufunzi anasema nimefundisha nusu ya somo. Ni kweli. Lakini leo mtoto mmoja ameniambia hapana. Jumatatu narudi."