Mkwe Aliyebaki Nyuma

Kabla sijaona mtu nilisikia honi, ndefu, ya hasira, ikiupasua ukimya wa alfajiri pale Garissa tulipokuwa tukijaza upepo magurudumu ya baiskeli. Pikapu ikasimama. Akashuka mzee mwenye ndevu nyekundu za hina.

"Wewe ndiyo mkubwa ya baiskeli?"

"Ndiyo, mzee."

Akanyoosha fimbo kwa mwalimu kijana aliyejificha nyuma yangu. "Huyu anaoa binti yangu leo, baada ya Alasiri. Akifunjika mguu, nani analipa?"

Nikamweleza kwamba kila mtu huja kwa hiari yake, na kofia ngumu ni lazima. Akanitazama kama anayesubiri jibu lianze. Huku mtu akiumizwa, ukoo wa aliyeumiza ndio hulipa, kwa ngamia.

"Ukoo yako iko wabi?"

"Kitui."

"Kitui kuna ngamia?"

"Kuna mbuzi."

"Subhanallah! Mbuzi kwa mguu ya bwana harusi?" Akarudi garini. "Mimi nakuja nyuma. Nachunga nyinyi mwenyewe."

Sheria yangu ya kulishika kundi ni moja: usimpoteze machoni aliye nyuma yako. Kwa kawaida hakuna anayeisikiliza. Asubuhi hiyo, kwenye barabara ya Dadaab, aliyelegea alipigiwa honi mpaka akambana mwenzake. Tulikwenda kama punje za tasbihi, jua likichomoza kati ya migunga, nami mbele nikijiona kiongozi kweli. Kisha honi ikanyamaza. Nikadhani ameridhika.

Tulipofika pa kugeuzia nikahesabu vichwa. Vyote vipo, bwana harusi mzima. Nyuma yetu barabara tupu.

"Mkwe wangu yuko wapi?" mwalimu akapaaza sauti. "Yeye ndiye wa kumwoza binti! Bila yeye hakuna nikaha!"

"Umepoteza mzee wa watu, kiongozi," akacheka fundi simu mmoja wa kundi letu. "Kawaambie Kitui wafungue mazizi."

Tulirudi tukikanyaga pedali kwa hofu. Tukamkuta kando ya njia, juu ya mkeka, bakuli la maziwa ya ngamia mkononi, akisalimiana na binamu yake. Salamu za huku haziruki kitu, na wao walikuwa bado kwenye afya ya mifugo.

"Adeer, mzee wangu, twende," mwalimu akamsihi.

"Haraka ya nini? Kaa, kunywa."

Kukataa maziwa ni kumtukana mwenyeji. Tukakaa, tukanywa. Wazee wakaingia kwenye habari za mvua ya Ijara.

Jua lilishapita utosi tulipomtoa. Safari hii tulimweka katikati, baiskeli mbele, baiskeli nyuma, na kila alipotokea mtu wa kumwita tulipiga kengele zote kwa pamoja asimsikie. Mwalimu alipiga mpaka kidole kikavimba.

Nyumbani kwa mzee, mkewe alikuwa ameshikilia kanzu safi. Mzee akaingia, akatoka akinukia udi, akauelekea msikiti. Mkewe akafunga mlango nyuma yake kwa komeo, asije akarudi kumsalimia mgeni yeyote ndani.