Achari Yenye Harufu ya Moshi

Ukija kwangu ukapewa wali na achari, ukaonja, ukakunja uso kwa sababu achari inanuka moshi, usiniambie. Ninajua. Wageni wanaotoka pwani huniambia kila mara, tena kwa upole ule wa mtu anayemwambia mwenzake kuwa kanzu yake imechanika nyuma. Mmoja aliniuliza kama mtungi wangu uliwahi kuungua. Nilimwondolea sahani mbele yake, nikamletea maharagwe matupu, akayala. Siku hizi nimepoa kidogo, ninaeleza kwanza.

Tulikuwa wanawake watatu hapa Kasongo. Nyumba zetu zilipakana, na kijia kimoja nyuma ya migomba kilitupitisha kutoka ua hadi ua bila hodi. Mmoja wetu alikuja na mumewe kutoka pwani kwa miguu, akavuka ziwa Ujiji, akafika huku amekonda lakini mdomo wake haukukonda. Kila mwanamke aliyempenda alimwita shoga, basi na sisi tukamwita Shoga. Wa pili alikuwa Mbangubangu wa upande wa Kabambare, ameolewa mjini, mkubwa kwetu kwa umri. Huyo tulimwita Yaya, kama dada mkubwa anavyoitwa huku. Wa tatu ni mimi. Nililetwa mjini nikiwa mdogo sana, mgongoni mwa mtu nisiyemjua, enzi zile za vita na kukamatana, nikalelewa katika nyumba ya watu. Kijiji chetu sikijui jina. Sura ya mama yangu siikumbuki, nimejaribu.

Kilichotukutanisha ni kwamba sote watatu hatukuweza kuvumilia kuona chakula kinaoza. Mtu akileta samaki wengi, wanawake wengine walifikiria chakula cha siku ile. Sisi tulianza kufikiria masika, wakati njia ni matope na hakuna anayeleta kitu. Waume zetu walitucheka. Masika yakifika walikula kimya.

Yaya alikuwa na kichanja, ile meza ya vijiti juu ya jiko, na juu yake alikausha kila kitu: samaki wa mtoni kule Nyangwe, uyoga, viwavi, nyama ya porini. Alijua kuni zipi zina moshi mtamu na zipi zinatia uchungu, na ukimletea kuni mbaya alizirusha nje bila kukutazama. Mimi kazi yangu ilikuwa mawese. Nilikaanga nyama ya mbuzi mpaka ikauke maji, nikaipanga chunguni, nikamwagia mawese ya moto, nikayaacha yagande juu yake. Yaya alisema ninazika nyama. Lakini siku ya kufukua hakukosa kuja.

Shoga alikuwa na achari yake ya ndimu. Ndimu unazipasua mara nne bila kuzitenganisha, unazishindilia chumvi, unazitia mtungini, unazianika juani, halafu pilipili. Hayo anaweza mtu yeyote. Ya Shoga ilikuwa na kitu zaidi, maji ya kale. Siku anaolewa, mama yake alimpa maji ya achari ya nyumbani kwao, ambayo naye alipewa na mama yake. Kila mwaka unabakiza maji kidogo chini ya mtungi, unatia ndimu mpya juu yake, na maji ya kale yanazifundisha ndimu mpya adabu. Mtungi wenyewe ulikuwa wa kijani, wa kung'aa, na mpagazi aliyeubeba kutoka pwani alikatazwa kubeba kitu kingine chochote. Shoga alikuwa akisema yule mtu alitembea njia nzima akiuombea dua.

Siku ya kutia ndimu ilikuwa na masharti. Mama yake Shoga alimfundisha kuwa wanawake wanaotia mkono katika mtungi mmoja lazima kwanza watoe vinyongo, kwa mdomo, mbele ya wenzao. Mkono wenye kinyongo huozesha achari. Basi tulikaa mkekani na visu vyetu, tukaanza. Shoga alisema nilicheka alipounguza mchele. Yaya alisema ninaazima kinu chake na kukirudisha kinanuka vitunguu. Mimi nilisema Yaya anajua hadithi moja tu na anaisimulia kila siku. Tulicheka mpaka machozi, tukanawa, ndipo tukatia mikono. Mwishoni kila mmoja alipewa chungu kidogo cha kwenda nacho, ndimu chache na maji ya kale juu yake.

Yaya hakupenda ndimu hata kidogo. "Inanikata meno," alisema. Lakini kila mwaka alipokea chungu chake kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda nacho. Changu mimi nilikimaliza kila mwaka; yeye hatukumwona akila. Shoga alikuwa akimtania kuwa mbuzi wake ndio wenye bahati.

Kisha ukaja mwaka ambao njia ya ziwani ilifungwa na vita. Msafara wa mwisho uliopenya ulimletea Shoga habari kwamba mama yake amefariki, na kwa jinsi habari zinavyotembea, marehemu alikuwa ameshakaa kaburini muda mrefu. Tulikaa naye matanga. Alipoacha kulia alifungua mtungi, akainama, akanusa, akaufunga. Alifanya hivyo siku nyingi. Maji yale ndiyo yaliyobaki kwake kutoka kwa mama yake, mengine yote yalikuwa mbali au yameisha.

Ndimu zilipoiva mwaka ule hapakuwa na chumvi. Chumvi yetu ilikuwa ya Uvinza, inakuja na wapagazi, na wapagazi hawakuja. Shoga alihangaika, kwa kuwa maji ya kale yasipopewa ndimu mpya hukonda na kufa. Yaya akatuma habari kwa ndugu zake wa Wamaza, upande wa kwao Kabambare, wakamletea chumvi ya huko kwao, imefungwa vizuri kwenye majani ya mgomba. Ni chumvi ya majani yanayoota majini: yanachomwa, majivu yanachujwa, maji yake yanachemshwa mpaka yakauke. Shoga alimkumbatia. Tulitoa vinyongo vyetu, vilikuwa vidogo mwaka ule kwa sababu tulimwonea huruma, tukashindilia ndimu, tukatia mikono.

Haikuchukua siku nyingi. Mtungi ulitoa povu, kisha ute, kisha harufu ambayo sitaki kuieleza kwa mtu anayekula. Shoga alituita. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Mmoja wenu alitia mkono na kinyongo," alisema. "Niambieni tu. Pengine maji bado yanaokoleka."

"Mi sina kinyongo na wewe," alisema Yaya. "Mungu ananiona."

Nikasema kilichokuwamo moyoni, kwa sababu nilidhani kweli kitayaponya yale maji. "Mimi ninacho. Kila ukifungua mtungi huu unasema mama, mama. Una maji yake, una maneno yake, unajua alivyokuwa akikata ndimu. Mimi sina hata kigae. Ninakaa hapa ninakuonea wivu huku nimeshika kisu."

Shoga alinitazama. Aliubeba mtungi mwenyewe, akaumwaga kwenye migomba, akaingia ndani. Kesho yake kijia chetu kilikuwa kimezibwa kwa miiba.

Nililia sana. Niliamini kuwa mama wa watu amekufa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Wivu ule sikuuonea haya, wala siuonei leo, ulikuwa njaa tu. Lakini kwamba njaa yangu imemla mama wa rafiki yangu, hilo lilinilaza chini. Sikupika. Mume wangu alikula kwa jirani, akarudi akasema wamepika vibaya, akidhani nitainuka kwa hasira. Sikuinuka.

Yaya ndiye aliyekuja, amebeba maharagwe na kifurushi cha chumvi yake. Alisema amekuja kupika kwangu kwa sababu jiko lake limejaa samaki. Uongo mtupu. Aliyabandika maharagwe, akatia chumvi ile kidogo, na mara yakaiva, laini kabisa, kuni hazijaisha nusu. Nilikuwa sijawahi kuona maharagwe yakikubali upesi hivyo.

"Chumvi yetu iko hivi," alisema Yaya. "Inalainisha kila kitu. Hata maharagwe ya kuzeeka."

Kulikuwa na ndimu imekatwa karibu nami, nilikuwa nimeikata kwa ajili ya kichwa kuuma. Sijui nilichokuwa nikifikiri. Nilichota chumvi ya Yaya, nikainyunyizia ndimu. Ikafanya povu, povu lile lile.

Tuliitazama sote wawili. Yaya alinyunyiza tena kwa mkono wake, ikachemka tena. Akakaa chini polepole.

"Basi iko miye," alisema.

"Siyo wewe, ni chumvi."

"Chumvi ilikuja na mukono wangu." Kisha akasimama kwa namna ya mtu aliyekumbuka amesahau sufuria motoni. "Ngoja. Kuja."

Nilimfuata nyumbani kwake. Alipanda juu ya kinu, akaingiza mkono nyuma ya samaki, kule ndani kabisa ya kichanja, akaanza kushusha vyungu vidogo, kimoja kimoja. Vilikuwa vyeusi kwa masizi, midomo imezibwa kwa majani na nta ya nyuki. Vyote vya achari vilikuwapo, tangu cha mwaka wa kwanza hadi cha mwaka uliopita. Hakuna mbuzi aliyewahi kuonja.

Tulivibeba kwenye ungo mkubwa wa kupepetea. Penye miiba Yaya hakuita wala hakubisha, aliitoa kwa mikono akaitupa pembeni, akijichoma na kunung'unika. Shoga alitoka kwa kelele hizo. Uso wake ulikuwa umevimba kama wangu.

"Chumvi yangu ndiyo iliharibu," alisema Yaya. "Moyo ya huyu haina kosa. Tazama." Akamfanyia ile ndimu na lile povu mbele ya macho yake. Kisha akabandua nta ya chungu kimoja, akakisogeza.

Shoga alichovya kidole. Mwanzoni alikunja uso, uso ule ule wanaoukunja wageni wangu, kwa ajili ya moshi. Akachovya tena. Akafunga macho.

"Yumo," alisema. "Mama yumo humu."

Akalia, na sisi tukalia, tumesimama na masizi mikononi. Alipoweza kusema alimuuliza Yaya, "Si ulisema huzipendi?"

"Sizipendi na leo," alisema Yaya. "Lakini iko ya mama yako. Natupa namna gani mama ya mutu?"

Mtungi wa kijani ulioshwa kwa maji ya moto, tukamimina humo maji ya vyungu vyote, kasoro kimoja. Hicho kimoja Shoga alikishika mkononi muda mrefu, akaja akakaa karibu yangu mkekani. Nilidhani sasa atanigombeza.

"Siku ile nilikusikia," alisema. "Sikujua la kukujibu, nikaziba njia. Shika hiki, shoga yangu. Hiki si cha kula, ni cha kuanzia mtungi wako. Mama alikuwa na mdomo mkali, na alipiga, lakini alikuwa mama. Mmoja huyu atatutosha sote watatu."

Baadaye njia ilifunguka, chumvi ya Uvinza ikaja, tukatia ndimu mpya. Moshi haukutoka katika achari. Shoga alisema utapungua mwaka hata mwaka, lakini Yaya aliendelea kuvipeleka vyungu vyake kichanjani, na sisi tukaendelea kuchota humo kidogo kila mwaka, tukisingizia kwamba ni kwa usalama. Tukasahau ladha ilikuwaje bila moshi, na hakuna aliyeiulizia.

Wote wawili wamezikwa hapa, mmoja karibu na mwenzake. Mtungi wa kijani uko kwangu. Ndimu zikiiva wanakuja binti za Yaya na wajukuu wa Shoga, tunakaa mkekani, tunatoa vinyongo, nami huwa ninavyo vingi kuliko wote kwa sababu wanakata ndimu vibaya. Mwaka huu mdogo wao, aliyeruhusiwa kutia mkono kwa mara ya kwanza, alichungulia mtungini akaniuliza maji haya ya chini ni ya nani.

Nikamwambia ni ya mama yangu.