Mama Alipomfuata Mama Guyo Garbatulla

Mama yangu aliokoka mwishoni mwa miaka ya sabini, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya Isiolo haikujua kimya. Aliimba akichagua maharagwe, aliimba akifua, na alimshuhudia fundi wa baiskeli mpaka maskini yule bwana akahamisha kibanda chake. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, niko likizo ya Desemba, na nilicheka sana. Lakini jioni moja aliacha kuimba akaniambia, "Kinya, kesho kutwa utanisindikiza Garbatulla. Furaha hii nimewapa watu wote isipokuwa Mama Guyo, na yeye ndiye nilipaswa kuanza naye."

Mama Guyo alikuwa mwanamke wa Kiborana aliyeuza maziwa sokoni, kando ya mama yangu, aliyeuza maharagwe na viazi kutoka Meru. Walikaa hivyo miaka mingi, wakigawana chai na mandazi, mmoja akilinda biashara ya mwenzake anapokwenda kuswali au kunyonyesha. Kisha Mama Guyo akarudi Garbatulla kumtunza mama mkwe wake.

Wakati huo wote mama hakuwahi kumtajia habari za kaka yake, mjomba Mutuma, aliyekuwa utingo wa lori na akauawa kwenye barabara hiyo ya Garbatulla siku za shifta, wale waasi waliovizia magari huko kaskazini. Nyumbani tulimsikia akiwasema Waborana wote kwa jumla kwa ajili ya kifo hicho, maneno ya kuchoma, na kesho yake akarudi sokoni kucheka na Mama Guyo. Lililo moyoni ulimi huiba, walisema wahenga, lakini ulimi wa mama haukuiba hata neno. Sasa alitaka kwenda kusema yote: jinsi alivyochukia, na jinsi Yesu alivyomwondolea chuki hiyo. Nilimwambia atampoteza rafiki bure.

"Huenda," alisema. "Lakini nitashuhudiaje nusu?"

Alfajiri tuliondoka Isiolo juu ya lori la unga na sukari. Mama alikuwa amempakata jogoo mwekundu, amefungwa miguu, mkali kama karani wa chifu. Nilimuuliza kwa nini hakumchinja nyumbani tukabeba nyama. "Achinjwe kwa mkono wao, ndipo wale," alinijibu. "Nimekaa na Waislamu miaka yote hii, unadhani sikujifunza kitu?" Kwenye kizuizi, askari alikagua vitambulisho vyetu, akamtazama jogoo, akauliza kama na huyo ana chake.

Jua lilipopanda tukapita Kula Mawe. Nchi ile ilikuwa tambarare, miiba na vichuguu, na ngamia walioinua shingo kututazama kama sisi ndio tuliopotea. Mpaka leo nikisikia harufu ya unga na vumbi pamoja, narudi juu ya magunia yale, mama akiwa kando yangu na leso yake imejaa upepo. Laiti ningejua wakati ule kwamba nilikuwa na furaha.

Mbele ya Kula Mawe dereva, Msomali mpole aliyewahi kumjua mjomba, alipunguza mwendo bila kuombwa. Akatoa kichwa dirishani. "Ni hapa, mama. Karibu na hii laga." Lilikuwa korongo kavu tu, lenye mchanga mweupe. Mama alianza wimbo kwa sauti ya chini, ukamkatikia njiani, akalia. Nilimshika mkono. Sikuwa nimewahi kumwona akimlilia mjomba mbele ya watu.

Mchana tulifika Garbatulla. Mama Guyo alitoka mbio, ushungi ukimteleza. "Nagaa, Mama Kinya! Nagaa!" Mama, ambaye siku hizo alimsalimu hata mbuzi kwa "Bwana asifiwe", alijibu "Nagaa" kama zamani, wakashikana wakacheka. Ndipo jogoo akatolewa. Yule mama mkwe wake, aliyeketi mlangoni, alimkodolea macho yule ndege na kusema jambo kwa Kiborana, na wanawake wote wakaangua kicheko.

"Anauliza kama huyo ni wa kuamsha watu ama ni wa nini," Mama Guyo alisema. "Sisi watu ya ngamia hatukulangi ndege, mama."

"Miaka yote hiyo hukuniambia!"

"Wewe uliniuliza?"

Jogoo akafunguliwa miguu, akaanza kutembea uani kama mwenye nyumba.

Alasiri Mama Guyo alikaanga buni kwa samli, ile heshima ya Waborana kwa mgeni, tukakaa mkekani. Mama aliweka Biblia mapajani bila kuifungua. Alianza na wokovu wake, jinsi alivyoamka siku moja na kuona moyo mwepesi. Kisha akamtaja mjomba Mutuma. Akasema, "Nilikuwa nakunywa chai na wewe, na ndani nawachukia watu wako. Nisamehe. Yesu ameniondolea, na nimekuja kukuambia kwa sababu nakupenda."

Mama Guyo aliendelea kugeuza buni. Nilihesabu dakika, nikiwaza lori la kurudi litapita saa ngapi.

"Hiyo mimi nilijua," alisema mwishowe. "Ile mwaka ya kwanza ulikuwa unanipea chai na mkono ya kushoto. Halafu pole pole ukaanza kunipea na ya kulia. Mimi nikanyamaza." Alitoa sufuria motoni. "Sasa na mimi nikuambie. Baba Guyo alitoka asubuhi na ngamia, siku hizo hizo za shifta. Yeye hakurudi, ngamia hata moja haikurudi. Guyo alikuwa tumboni. Nikikuja Isiolo nikiona watu ya huko juu, watu ya Meru, naona kama ni wao walimchukua, roho inachomeka. Yako imetoka, Mama Kinya. Yangu bado iko."

Mama alikuwa amejiandaa kwa hasira, na kwa msamaha pia. Hili hakulitarajia. Nilingoja afungue Biblia. Badala yake akaiweka chini, akasogea mpaka mabega yao yakagusana.

"Niambie habari za Baba Guyo," alisema.

Akaambiwa, hadi magharibi, mtu yule alivyotembea, alivyowaita ngamia wake kwa majina. Mama Guyo akaenda kuswali, mama akamngoja palepale.

Asubuhi ya pili lori lilipiga honi. Mama Guyo alimpa mama chombo cha maziwa, akamvuta kando. "Wewe omba vile unajua. Usiombe nikuwe Mkristo. Omba hii kitu itoke."

"Nitaomba."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Njiani nilimuuliza kama safari imefaulu. Alisema hajui, akalala juu ya magunia kama mtoto. Mimi nilikuwa nikidhani mtu hushuhudia akiwa amejaa ili amjaze mwenzake aliye mtupu. Garbatulla niliona kwamba mama alipomwaga lake, ndipo mwenzake alipopata nafasi ya kutoa lake.

Tulirudi Isiolo, na ahadi ikatimizwa. Kila alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, nilimsikia akimtaja Mama Guyo, na Baba Guyo, na wale ngamia. Mwaka baada ya mwaka. Nilichoka kusikia, Mungu anisamehe.

Mama alifariki katikati ya miaka ya themanini. Siku ya mazishi Mama Guyo alifika na vumbi la lori nguoni, akasimama nyuma ya kwaya mpaka wimbo wa mwisho. Watu walipotawanyika alinijia, akanishika mikono yote miwili.

"Imebaki kidogo tu," aliniambia. "Sasa nani ataniombea?"

Mimi niliyecheka wokovu wa mama miaka yote ile, nikamwambia, "Mimi."