Hema Lililogoma Kufunguka Giheke

Habari hii sijawahi kumsimulia mtu uso kwa uso, maana najua ataniangalia kiunoni kwanza kabla ya usoni, lakini bora niiseme mwenyewe kuliko kuisikia sokoni Kamembe ikiwa imeongezwa chumvi (na chumvi haihitaji, imejaa tayari). Mimi ni fundi cherehani. Nabadilisha zipu za watu kila siku ya Mungu, halafu nikashindwa na zipu mbele ya koo mbili zilizovaa nguo za posa.

Mimi na rafiki yangu Idi tulikuwa tumepanga kupanda baiskeli kufuata ziwa mpaka Karongi, tukilala njiani kwenye hema. Miaka mingi tuliongea habari hiyo. Halafu Idi akaoa, akahamia Uvira, simu zake zikapungua, mwishowe namba yake ikawa haipatikani. Mama alikuwa ameshafariki, dada zangu wako mbali, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba jioni nilikuwa nakanyaga cherehani bila kitambaa, nisikie tu kitu kinatembea. Ndipo nikasema, basi, nitaenda peke yangu. Nikashona mifuko ya turubai, mmoja wa kwenye usukani, mmoja wa chini ya kiti. Hema nilinunua la mtumba, zuri, jepesi, ila zipu yake ilikuwa na meno yaliyolala. Fundi mwenye akili angeibadilisha. Mimi nikaipaka mshumaa, nikaivuta, ikapita, nikajiambia, "Itatosha."

Jumapili asubuhi nikapakia kila kitu nikaelekea Giheke kujaribu, maana vifaa vya safari huvijui mpaka uvipandishe mlima. Mfuko wa chini ya kiti ukawa unayumba kama mkia wa mbuzi na kusugua tairi. Nikashuka, nikafupisha kamba, nikapanda tena. Mvua ikanikuta kwenye mwinuko. Nikafurahi (mjinga mimi!), nikasema leo nitajua kama turubai linazuia maji. Nilijua upesi: maji yalipita kwenye matundu ya sindano yangu mwenyewe, nguo za akiba zikaloa pamoja na nilizovaa. Kilichobaki kikavu ni hema, blanketi na simu, vilivyokuwa vimefungwa mpira ndani ya mfuko wa usukani.

Mvua ilipokatika nikaona uwanja wa majani mbele ya nyumba moja. Nikabisha, kimya. Nikasimamisha hema, nikaanika nguo zote kwenye ua wa nyuma nilikoegemeza baiskeli, nikaingia na chupi tu, nikavuta zipu upepo usiingie. Usingizi ukanichukua.

Kilichoniamsha ni sauti ya viti. Wenye nyumba walikuwa kanisani, na sasa wamerudi na wageni waliokuja kumposa binti yao, Aline.

"Hema hii ni ya nani?" mwanamume akauliza.

"Papa Aline, labda bageni ba Bukavu njo baliituma, ya kuweka vinywaji," mwanamke akamjibu.

"Basi muiache. Mupange viti pembeni."

Ningesema neno wakati huo, aibu ingekuwa ndogo. Nilivuta zipu polepole, ikagoma kwenye yale meno, nikaiacha, nikijiambia watakaa kidogo waingie ndani. Hawakuingia. Msemaji wa upande wa mwanamume akaanza hotuba karibu kabisa na kichwa changu, upande wa binti wakamjibu kwa utani, wakatajiana mashangazi na mababu, wakacheka, na mimi nimelala chali nasikiliza, na nitasema ukweli, kwa muda nilisahau kwamba niko na chupi tu. Nilitamani waendelee. Tangu mama afariki sikuwa nimekaa karibu hivyo na sauti za watu wanaojuana.

Halafu nikapiga chafya.

"Iko muntu ndani!"

Nikachanganyikiwa, nikasema kitu pekee kilichokuja mdomoni: "Hodi!"

"Hodi ya kutokea ndani?" mzee mmoja akauliza, na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Nikavuta zipu kwa nguvu, nikasukuma kwa bega, vigingi vikang'oka kwenye udongo uliolowa, nikabiringika ndani ya hema langu kama muhogo kwenye gunia mpaka kwenye kreti za soda, zikaanguka. Maman Aline, mama wa binti, ndiye aliyekuja na kisu cha jikoni akapasua kitambaa, akaniona, akageuka upesi, akavua kitenge chake cha juu akanitupia.

Papa Aline hakucheka. "Weye ni nani?"

"Fundi cherehani wa Kamembe, Papa. Nilikuwa najaribu hema."

"Unajaribu hema kwangu? Taja muntu moja mwenye anakujua, tumuite akuje. Kama hakuna, tunaita ba usalama."

Idi hapatikani. Namba za dada zangu ziko kwenye simu, kichwani sina hata moja. Mposaji alikuwa ameshika simu yake tayari, wote wananiangalia, nikataja namba pekee niliyoijua. Akapiga. Nyuma ya nyumba, kwenye mfuko wa usukani, simu yangu ikaanza kulia.

Hapo hawakucheka. Afadhali wangecheka. Ililia mpaka ikakatika yenyewe, na Papa Aline akaangalia chini, kama vile yeye ndiye aliyekuwa uchi.

"Mumuache akule," Maman Aline akasema. "Mwizi gani anapiga hodi?"

Alinikalisha pembeni nikiwa na kitenge chake, akaniletea wali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, na kabla ya kuniachia sahani akanitajia namba yake, akanifanya niirudie mpaka nikaishika. "Ukikamatwa tena, utaje hii."

Jioni nilirudi Kamembe nikiwa nimevaa suruali mbichi. Nimeshashona hema, nimeweka zipu mpya inayofungukia ndani na nje, nimeziba matundu ya sindano kwa nta. Na nimeapa siingii hemani tena, hata uani kwangu, kabla ya mtu mmoja kujua niko wapi. Wiki iliyopita nikajikaza nikampigia Maman Aline, nikamwambia kesho naondoka kwenda Karongi, sina neno lingine, ni kumjulisha tu.

Akaniuliza, "Umevaa?"