Iko Narara

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Simu ikiita mapema, tayari nimeshaona jeneza.

Binti yangu aliokota kuzumburu wawili wachanga kando ya ua wa nyumba yetu ya kupanga ugenini, Naguru. Ni ndege wa kijivu, wadogo, mkia mrefu kama wa panya. Tukawalea kwa papai ndani ya boksi barazani. Jioni niliwapunguzia chakula, nikihofia wataharisha.

Asubuhi moja ya mvua, mtoto ameshakwenda shule, nilimkuta mmoja wa baridi, macho yamefumba, hashtuki hata nikimgusa. Nikamwonyesha jirani yangu, mke wa askari polisi, mzaliwa wa kaskazini. Alichungulia juu ya ua.

"Iko narara, mama."

Yaani analala, kwa matamshi yake. Kwetu Kenya, kanisani, mtu akifariki tunasema amelala. Nikamshukuru kwa kunipa pole, nikamzika ndege kwenye maua. Binti alilia mpaka homa ikampanda. Aliniomba jambo moja tu: nimlinde aliyebaki.

Siku tatu baadaye mvua ilinyesha tena, na huyo wa pili akawa wa baridi vilevile. Nitamwambia nini mtoto? Nikashika jembe kwa mkono mmoja, boksi kwa mwingine.

"Unapereka wapi?" jirani akauliza.

"Kuzika."

"Kuzika nini? Si nilikuambia hii ndege narara! Njaa na baridi ikikuja, inapunguza moto ya mwiri, nguvu isiishe. Inangoja jua. Kwetu iko mingi. Reta hapa!"

Mvua ilikuwa imekatika. Akamlaza kifudifudi juu ya bati, jua likimpiga mgongoni. Nilisimama pale nikisali na kuhesabu pumzi ambazo sikuziona. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, nami nikamchukia jirani kwa kunipa tumaini. Kisha kidole kimoja cha mguu kikajikunja. Mwili ukaanza kutetemeka. Mwishowe akafumbua jicho, akainuka, akadai papai.

Kutwa nzima sikuweza kuyatazama yale maua.

Binti aliporudi nilimsimulia yote, isipokuwa lile neno la jirani la siku ya kwanza. Akacheka, akambusu ndege kichwani. Halafu akageukia maua.

"Mama, na yule mwingine, ulimngojea jua?"

"Ndiyo," nikasema.